Kadi za Kuigiza

Wako wapenzi wa besiboli katika Marekani ambao hujichorea kadi za wachezaji kwa mitindo ya zamani. Miongoni mwa mifano waigayo ni kadi ndogo zilizotiwa katika pakiti za sigara baina ya 1909 na 1911, na kadi kubwa zaidi za kampuni ya Topps za 1952, zenye sahihi ya mchezaji mbele na hesabu za mchezo wake nyuma.

Kazi hii yaweza kudharauliwa kuwa ni mchezo wa watoto. Lakini mfikirie Josh Gibson. Alikuwa hodari wa kupiga mpira, ila kwa sababu ya rangi yake alizuiwa kuingia ligi kuu. Alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuufungua mlango huo. Ligi za watu weusi alizochezea zilihesabiwa kuwa ligi kuu mwaka 2020. Mpenzi amchoreaye Gibson kadi humweka katika safu aliyonyimwa akiwa hai.

Hata hivyo, uzuri wa kadi hautoshi. Yatakiwa ukweli pia. Kadi ya Gibson kwa mtindo wa 1952 yamwonyesha miaka mitano baada ya kifo chake. Hiyo ni ndoto, na ndoto haina budi kutangazwa kuwa ndoto. Msanii aandikaye nyuma ya kadi mwaka alioichora ameitendea historia wema. Yule aichakazaye pembe na kuipaka chai ili ionekane kuukuu, kisha akanyamaza, ni mghushi, hata kama mkono wake ni stadi zaidi.