Bwanikwa: alikombolewa, ao alijikomboa?

Katika barua kwa Filemoni, Paulo Mtakatifu anamwombea Onezimo mtumwa. Tunamsikia Paulo, tunafahamu mambo ya Filemoni. Lakini Onezimo mwenyewe hasemi hata neno moja. Ndivyo ilivyo katika vitabu vingi juu ya utumwa. Kwa hiyo kitabu ambamo mtumwa mwenyewe anasema kinastahili kusomwa na kila mseminari.

Bwanikwa alikuwa mwanamke Muluba. Alimsimulia Dugald Campbell, mmisionari Mprotestanti, hadisi ya maisha yake, naye akaitoa kwa Kingereza mwaka 1916, kwa jina Ten Times a Slave but Freed at Last, maana yake: mara kumi mtumwa, lakini mwishoni akakombolewa. Mwaka 1993 Marcia Wright, mwalimu wa historia, aliiweka tena mbele ya wasomaji.

Mambo yake ni ya kwetu. Mke mkubwa wa baba yake alipokufa, jamaa ya marehemu walidai watumwa watatu. Baba alikuwa na wawili tu. Akamtoa binti yake kuwa wa tatu, akiahidi kumkomboa. Hakuweza. Toka siku ile Bwanikwa aliuzwa mkono kwa mkono katika Katanga ya Msiri, ambaye mji wake, Bunkeya, si mbali sana na Likasi yetu.

Sifa ya kitabu ni kwamba hadisi imetoka kwa mtumwa mwenyewe. Aliyehesabiwa kuwa mali anahesabu sasa mabwana wake, mmoja mmoja.

Kosa lake liko katika jina. Akakombolewa: na nani? Msomaji atafikiri ni na misioni, ao na mume. Lakini hadisi yenyewe inasema mengine. Wafwilwa, mume wake wa mwisho, alikuwa amemnunua. Bwanikwa alifanya kazi, akaweka mali, akamlipa mumewe bei yake, kusudi akae nyumbani kama mke, si kama mtumwa. Basi alijikomboa. Silabi moja tu, "ji", imekosekana katika jina la kitabu. Na kazi yote ya mwanamke huyu imo ndani ya silabi ile.

Sisi mapadri tunaitwa mara nyingi kwa mashauri ya mali ya ndoa. Baba anasema, mume anasema, wajomba wanasema, nasi tunaandika. Tumwulize na mwanamke. Tena tuandike sawasawa alivyosema.