Simama Hapa, Tazama Kule

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na Wamarekani wanaozunguka jangwani wakitafuta vioja vya kando ya barabara. Kule Amarillo, Texas, kuna Cadillac kumi zilizozikwa pua chini tangu 1974, na yeyote anayepita anaruhusiwa kuzipulizia rangi. Kule Cabazon, California, jamaa aliyeitwa Claude Bell alijenga dinosaria mkubwa wa chuma na saruji ili wasafiri wasimame wale mkahawani kwake. Akili ya jangwa ni hiyo: njia ni ndefu, cha kuona hakuna, basi mtu anaunda kitu cha ajabu, gari linasimama, pesa inaingia.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna shida tofauti. Cha kuona tunacho mpaka kimetuzidi. Barabara ya Nairobi–Nakuru nimeipita tangu utotoni, mara nyingi nikiwa nimelala kwenye matatu, mdomo wazi. Juzi mimi na binamu yangu tukakubaliana: safari hii tunasimama kila mahali panapotuambia tusimame, halafu tunapapima kama mtu anavyopima sinema.

Tulianzia juu, pale ukingoni ambapo bonde linafunguka ghafla na kila mtu kwenye gari ananyamaza. Kibao kipo, Kiingereza kitupu, kinakutajia mwinuko kwa futi. Nani huku anapima kitu kwa futi? Hakijaandikiwa mimi. Maandishi ya kweli ya mahali pale ni ya muuza kofia za ngozi ya kondoo. "Ile ni Longonot, ile kule nyuma ni Suswa, na ile barabara nyembamba chini ndiyo inaenda Narok. Kuangalia haulipi, madam, lakini baridi utalipa." Binamu yangu akamjibu kwa Kikuyu, bei ikaanguka nusu. Kibao kinasema futi, jamaa anasema baridi. Mshindi anajulikana.

Chini ya mteremko wa Mai Mahiu kuna kanisa dogo lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Hawa ni watu walioshikwa na Waingereza wakati Italia inaporomoka Uhabeshi na Somalia, wakaletwa huku kuchonga barabara kwenye ukuta wa bonde. Ndiyo hiyo hiyo barabara ambayo malori yanashuka leo yakinuka breki. Watu husifu udogo wake: ati ni kati ya makanisa madogo zaidi Kenya, piga picha twende. Mimi naona udogo ndio kitu cha mwisho cha kusifu. Mfungwa aliyeshinda juani akivunja mawe anatoka kazini, kisha anavunja mawe mengine kwa ajili yake mwenyewe na Mungu wake. Ndani unasikia lori likibadilisha gia pale nje, na mwangwi wake unajaa chumba chote. Katika vituo vyote tulivyosimama, ni hapa tu nilipokutana na mtu aliyeijenga barabara, si mandhari yake. Nilikaa kwenye benchi kuliko nilivyopanga.

Karibu na hapo, Machi 2018, kwenye njia ya Narok, ardhi ilipasuka baada ya mvua kubwa na barabara ikakatika. Dunia nzima ikatangaza kwamba Afrika inagawanyika. Wataalamu wakabishana: wengine walisema ni nguvu za bonde lenyewe, wengine wakasema ni maji tu yamekula udongo laini wa majivu ya volkano. Wasee hawakungoja jibu. Walijaa ukingoni na simu zao. Hicho ndicho kivutio pekee cha kando ya barabara ambacho Wakenya tumewahi kujitangazia wenyewe, bila kibao, bila Wizara. Kisha kikafukiwa, magari yakaendelea. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalishuka tena upande huu wa Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40. Huko hakuna anayekuambia usimame.

Kasri la Egerton pale Njoro nitalipita haraka. Bwana wa Kiingereza, mawe mengi, kazi ya ujenzi kutoka 1938 hadi 1954, na hadithi ya mwanamke aliyelikataa, ambayo kila kiongozi wa wageni anaisimulia kivyake. Zuri kwa harusi.

Ikweta ndiyo iliyonitesa. Kwenye njia ya Baringo, karibu na Mogotio, kuna alama yake, lakini mchezo wenyewe uko Nanyuki: beseni lenye tundu, kijiti cha kiberiti, na fundi wa maneno. Hatua chache kaskazini, kijiti kinazunguka hivi. Hatua chache kusini, vile. Kwenye mstari wenyewe, kimya. Unalipa, unapewa cheti.

Ni uongo, jo. Mzunguko wa dunia unapinda upepo wa kimbunga chenye upana wa mamia ya kilomita, haugusi maji ya beseni, na karibu na ikweta ndipo nguvu hiyo inapokaribia sufuri. Siri iko kwenye namna ya kumimina na kwenye kiwiko. Nilisimama nikitazama kiwiko. Hata hivyo nilipiga makofi, kwa sababu mstari wa ikweta haupo. Kuna nyasi upande huu na nyasi upande ule, na huyu bwana ndiye aliyetupa kitu cha kutazama. Claude Bell angemwelewa. Kinachoniuma ni kwamba ustadi wote huo unatumika kusimulia mstari uliochorwa na wachora ramani wa mbali, wakati barabara yetu wenyewe haina msimulizi.

Tulimalizia Sachangwan, baada ya Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia na mitungi, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 100. Kila dereva wa masafa anapajua, na mteremko ule una jina lake kwenye kila redio ya magari. Tulisimama kando, taa za hatari zikiwaka. Binamu yangu aliuliza tupige picha ya nini hasa. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akatuuliza kama gari limeharibika. Tukamwambia hapana, tumekuja kuona mahali penyewe. Akatutazama kidogo, akafunika makaa, akatuonyesha kwa mkono wenye upawa: "Lilianzia pale."