Denon DL-103 kwenye Mkono wa Technics

Denon waliiunda katriji ya DL-103 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakishirikiana na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ili itumike redioni. Hadi leo inauzwa mpya. Safari hii niliifunga mahali pa katriji ya Ortofon 2M Red kwenye Technics SL-1200, mashine ya santuri ambayo kila DJ wa zamani anaijua.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Ndani ya 2M Red kisumaku hutikisika mbele ya koili zilizotulia, na hutoa milivolti 5.5. Ndani ya Denon koili zenyewe ndizo hutikisika, hivyo lazima ziwe nyepesi, zenye nyaya chache. Zinatoa milivolti 0.3 tu, pungufu ya mara 18 hivi. Amplifaya isiyo na kiingilio cha fono cha katriji za koili zinazotikisika itatoa sauti ya mbali, na ukiongeza volyumu utaongeza pia mvumo.

Kisha mkono. Denon ina kimo cha milimita 15, Ortofon 18, kwa hiyo mkono ulishushwa milimita 3. Bahati nzuri SL-1200 ina pete ya kurekebishia kimo. Ncha ya sindano iliwekwa milimita 52 kutoka kwenye mpira wa kichwa cha mkono, kipimo cha Technics wenyewe, na mstari mweupe ulio usoni mwa Denon ukasaidia kunyoosha. Uzito wa sindano ulipanda kutoka gramu 1.8 hadi 2.5. Wapo wanaoogopa kwamba gramu hizo zitaila santuri. Mimi siogopi, kwa sababu ncha yake ya duara hugusa eneo pana zaidi. Kinachohitaji uangalifu ni ugumu wa kishikizo cha fimbo ya sindano: Denon hupenda mkono mzito, na wa Technics ni wa wastani. Kichwa kizito zaidi kilileta besi yenye mshiko.

Sauti zilisawazishwa kabla ya kulinganisha. Bila hivyo sikio huchagua inayopiga kwa nguvu, na mjadala wote unakuwa bure.

Kwenye santuri ndogo za zamani za Nairobi, zilizochoka kwa sindano nzito za enzi hizo, Denon ilishinda waziwazi. Michakacho ilipungua, waimbaji wakasogea mbele. Kwenye LP hadithi ilibadilika kadiri sindano ilivyokaribia katikati. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni 21 tu. Mawimbi yaleyale ya sauti nyembamba hubanwa katika nafasi finyu, na ncha ya duara yenye nusukipenyo cha mikroni 16.5 haiwezi kuingia humo. Matoazi ya wimbo wa mwisho yalififia, na herufi "s" ikawa na ukungu. Ncha ya yai ya 2M Red, iliyo bei nafuu zaidi, iliyasoma vizuri.

Kwa hiyo Denon naipa santuri ndogo. LP nazirudishia Ortofon. Kichwa cha SL-1200 hufunguka kwa kuzungusha pete moja, ila kila mara uzito na kimo hupimwa upya. Na ncha ya Denon ikiisha, haichomolewi nyumbani kama ya Ortofon: unabadilisha katriji nzima.