Neno Moja, Maana Mbili: Kitabu cha Linux From Scratch

Kitabu kiitwacho Linux From Scratch, kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999 na kuendelezwa na wengine, chamfundisha msomaji kujijengea mfumo wa uendeshaji wa kompyuta tangu msingi hadi paa. Sehemu iliyo ngumu ni ya kuunda kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi ya mtungaji kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya mfumo ambao bado haujawako.

Hila itumiwayo ni njema. Mashine ni ile ile, lakini jina la mfumo mpya hutiwa herufi "lfs", ili zana zidhani kuwa zaijengea mashine ngeni, zisiziguse maktaba za mfumo wa zamani. Jina tu ndilo ukuta. Likikosewa, ukuta umebomoka, na kosa aghalabu huonekana mbali na chanzo chake. Kwa hiyo kitabu chaagiza jaribio fupi: programu tupu ijengwe, kisha isomwe njia ya kipakiaji iliyoandikwa ndani yake, ambayo kwa mashine za x86-64 huishia na ld-linux-x86-64.so.2. Agizo hili lastahili sifa.

Kasoro imo katika neno la Kiingereza "host". Katika milango ya mwanzo maana yake ni mfumo wa zamani ambamo kazi hufanyika. Katika maelezo ya kompaila maana yake ni mashine itakayoendesha programu zikiisha kujengwa, na pale pa kazi huitwa "build". Kitabu chakiri tofauti hiyo kwa sentensi moja, kisha chapita. Basi mwanafunzi aandikaye jina la mfumo wa zamani baada ya --host hakukiasi kitabu. Ameutii mlango wake wa kwanza. Hati ya matayarisho huona majina mawili yanalingana, huchukua kompaila ya kawaida, na programu huungwa na maktaba zile zile zilizokusudiwa kuepukwa.

Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kurithi mkanganyo huu. Akiandika "mwenyeji" pote pawili, atakuwa amefasiri kosa pamoja na kitabu. Na auite wa kwanza "mfumo mlezi", na wa pili "mashine ya kuendeshea". Istilahi njema haimpambi mwandishi tu. Humwokolea fundi kazi ya siku nzima.