Poseleni ukutani, seramiki barazani

Anayeshuka boti Sena, kisiwani Mfangano, na kupanda kuelekea nyumba mpya zinazotazama ziwa ameshauona uamuzi huu: ukuta wa bafu umevikwa vigae vya poseleni ya bei, halafu baraza, panapokanyagwa na kila mgeni, pakaachiwa seramiki ya ukutani. Mistari imenyooka, hilo tuwape mafundi. Lakini uamuzi wenyewe ni kosa, na hauna utetezi. Seramiki ya ukutani kwa kawaida hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Poseleni haizidi asilimia 0.5. Ile ya kwanza ni nyembamba na laini, haikutengenezwa kubeba mtu. Mchanga wa ufuoni ukisagwa juu yake chini ya viatu, na kreti la samaki likiburuzwa, mng'ao unachunika na wekundu wa udongo unajitokeza. Poseleni yenye rangi moja hadi ndani ingechubuka bila kuumbuka. Kule bafuni imekosa kazi: hapakanyagwi, na maji yangetiririka vilevile juu ya mng'ao wa seramiki. Tena mwili wa kigae usionyonya maji haushikwi vizuri na rojo la saruji. Unadai gundi ya vigae, itandazwe kwa mwiko wenye meno. Mafundi wa siku hizi wanapachika madonge matano tu, manne pembeni na moja katikati. Gonga kwa kifundo cha kidole, usikie uwazi.

Watasema poseleni ni ghali, na kila boksi linalipiwa nauli kutoka Mbita. Basi ndiyo maana iende panapoihitaji. Fedha zilizomalizwa ukutani zingetosha baraza. Wengine wataruka upande wa pili, waifukuze seramiki nyumba nzima. Nao wamepotoka. Sehemu ya sifa za poseleni imetoka nchi za baridi, ambako maji yaliyonywewa huganda na kupasua kigae. Mfangano hakuna barafu. Seramiki ya sakafuni inatosha kabisa chumbani. Na poseleni ya barazani isiwe ile iliyosuguliwa ikang'aa. Mvua ikipiga, inaangusha watu.

Mafundi wa zamani wa sakafu ya saruji nyekundu hawakuwa na boksi la kuchagua, ila waliipa baraza mwinamo wa kumwaga maji nje kabla hawajafikiria rangi. Warithi wao wanaanza na rangi. Kabla ya kulipa, kigeuze kigae ukidondoshee maji mgongoni. Yakinywewa papo hapo, usikipeleke barazani, muuzaji aape anavyotaka.