Dirty Pipe: Baiti 8 Zilizofichua Mwanya wa Linux

Aprili 2021, mteja wa CM4all, kampuni ya Ujerumani, alilalamika kwamba faili ya rekodi za tovuti yake, iliyobanwa kwa gzip, haifunguki. Max Kellermann, mtaalamu wa kampuni hiyo, aliirekebisha kwa mkono, akafunga shauri. Baadaye malalamiko yakarudi. Faili nyingi zilizoharibika zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi, na baiti zao 8 za mwisho zilianza na herufi PK, alama ya faili za ZIP. Kumbe wateja walipakua rekodi za mwezi mzima katika ZIP moja. Lakini programu iliyotengeneza ZIP hiyo haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye rekodi. Ilizisoma tu.

Linux ikisoma faili, huweka nakala kwenye RAM, kwa kurasa za baiti 4,096, na programu zote husoma nakala hiyohiyo. Amri ya splice hupitisha data kwenye bomba (pipe), njia ya kupitishia data kati ya programu, bila kuinakili: nafasi moja ya bomba huelekezwa kwenye ukurasa wa faili. Nafasi hiyo ina alama zake, na mojawapo huruhusu maandishi mapya yaongezwe kwenye ukurasa uliopo. Splice ilisahau kufuta alama zilizoachwa na data iliyotangulia. Usahaulifu huo, uliokuwemo tangu toleo la 4.9 la kerneli, yaani kiini cha Linux, haukudhuru mtu hadi 5.8 ya mwaka 2020, alama hiyo ya kuongeza ilipoingizwa miongoni mwa alama hizo.

Kellermann alithibitisha hilo kwa programu mbili fupi: moja ikiandika AAAAA kwenye faili, nyingine ikiisoma faili hiyo kwa splice kisha kuandika BBBBB kwenye bomba. BBBBB zikatokea ndani ya faili.

Njia ya mshambuliaji ni hiyohiyo. Hujaza bomba ili kila nafasi ipate alama, hulimwaga, hupitisha baiti moja ya /etc/passwd, faili ya akaunti za mashine, kisha huandika. Nenosiri la root, msimamizi mkuu, likiondoka, mashine ni yake. Hawezi kurefusha faili wala kugusa baiti ya kwanza ya ukurasa, lakini hayo hayamzuii. Linalonitisha zaidi ni kwamba kerneli yenyewe haijui ukurasa umebadilika, hivyo diski huweza kubaki bila kuguswa, na mashine ikiwashwa upya ushahidi unaweza kutoweka.

Tiba ilikuwa kuzifanya alama ziwe sifuri, mstari mmoja katika sehemu mbili. Ilitoka tarehe 23 Februari 2022 katika matoleo ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102, umma ukaelezwa Machi 7. Hata simu ya Pixel 6 iliathirika.

Faili iliyoharibika kidogo ni rahisi kuilaumu diski na kuipuuza. Kellermann alizilinganisha moja baada ya nyingine, na kazi hiyo inastahili heshima kubwa. Wewe unayesimamia seva, andika uname -r leo uone toleo la kerneli. Ukikuta 5.8 au zaidi ambayo haijasasishwa tangu Februari 2022, sasisha kabla hujampa mtu mwingine akaunti humo.