Mikono Iliyosimama

Akina mama wa Kisauni, Mombasa, wenye lao moyoni hawaanzii ofisini kwa kasisi. Huanzia uani kwa mjane mmoja, si mbali na Kengeleni, jua likishapoa. Hana cheo kanisani. Hata kupitisha kapu la sadaka alikwisha kuacha kwa sababu ya magoti. Wenyewe humwita mlezi, na malezi yake ni ya roho za watu wazima.

Ukishamwamkia, na akishakuitikia marahaba, mama huvuta uteo wa mchele magotini akaanza kuchambua. Nilidhani mwanzoni ni shughuli za jikoni tu. Baadaye nilitambua kwamba mchele ule ni sehemu ya ufundi. Mtu anayekodolewa macho hujitetea; huchagua maneno, hujipamba, hutaja makosa ya wenzake kwanza. Lakini msikilizaji akiwa ameinamia chuya na vijiwe, msemaji hujisahau, na hapo ndipo hulitoa lililomleta. Likishatoka, mikono ya mama husimama. Haguni, hapigi kelele za kushangaa, wala hakimbilii aya ya Biblia kama mtu anayeziba tundu la paa. Husubiri. Kimya chake ni kirefu kiasi kwamba mara nyingi mgeni hujijibu mwenyewe.

Nilimwendea baada ya kumzika mama yangu, nikamweleza kwamba sala imenikauka kinywani. Nilitarajia kuambiwa nifunge au nikeshe. Aliniuliza, "Walala saa ngapi, mwanangu?" Kisha, "Na nyumbani mwaamkiana?" Alipokwisha kupata majibu aliniagiza mambo mawili tu. Adhana ya alfajiri ikilia msikiti wa jirani, maadamu itaniamsha nitake nisitake, niketi kitandani nimtajie Mungu jina la mtu mmoja, basi. Na usiku, kabla ya kuzima taa, niipitie siku tangu asubuhi: wapi nilipewa, wapi niliminya. "Usiongeze neno," alisema. "Ukiongeza utachoka, na ukichoka utaacha."

Kuipitia siku hivyo ndiko Ignatius wa Loyola, Mhispania, alikokufundisha katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapishwa mwaka 1548. Mama hajapata kumsikia. Yeye alirithi kwa mama mkwe wake, aliyekuwa mtu wa Uamsho, ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walikutana kila juma wakaambiana ukweli. Walikuita kutembea nuruni. Uamsho ulikuwa na hatari zake, maana wapo walioungama kwa mbwembwe. Lakini uliwafundisha watu wasiosoma chuo chochote kwamba nafsi hutunzwa siku hata siku, na mwenzako akiwa karibu.

Na mahali penyewe pana haki ya kuujua ufundi huu. Frere Town ilianzishwa hapa na wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ilitundikwa ili kuwatahadharisha wanakijiji wavamizi wakija. Watu wale walifika bila mjomba wala shangazi, bila mzee wa kuwaketisha chini. Anayekukalisha na kukusikiliza, kwa mtu wa namna hiyo, ndiye ukoo wenyewe. Mwaka 1903 ikafunguliwa hapo hapo shule ya theolojia. Mwaka 1930 ikahamia Limuru, ambako leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Masomo yalikwenda bara. Kusikiliza kulibaki uani kwa akina mama, bila daftari wala cheti.

Sasa pita Kisauni Jumapili, au vuka feri uende Likoni, au panda matatu hadi Changamwe. Vipaza sauti vya makanisa vimeelekezwa barabarani, kana kwamba Mungu yuko kituoni anangoja gari. Mwenye msiba hupangwa foleni, huwekewa mkono kichwani, huulizwa sadaka ya mbegu, hupisha mwingine. Asiyeweza kufika hutumiwa sauti ya dakika mbili kwenye simu. Sisemi hakuna anayeponywa. Nasema hakuna anayeulizwa amelala saa ngapi, wala kama kwake wanaamkiana. Na bila maswali hayo, mtu hupandishwa mori Jumapili akarudi Jumatatu kwenye nyumba ile ile, na ugomvi ule ule, na wifi yule yule asiyesemeshana naye.

Tumefanya roho kuwa jambo la jukwaa kwa sababu jukwaa huonekana, na linaloonekana huchangiwa. Makanisa ninayoyajua yana kamati ya ujenzi, kamati ya kwaya na kamati ya harambee. Ya kusikiliza sijaiona, wala anayeandaliwa kuurithi ufundi huo. Fundi cherehani huwa na mwanagenzi. Hata mkaanga viazi wa Kongowea ana kijana anayemenya na kuangalia. Mama yule hana. Wanaomwendea ni wengi, na wote, nami nikiwamo, huja kusikilizwa. Hakuna aliyekuja kujifunza kusikiliza.